Ugwe Baina ya Mikono Miwili

Sisi tuliokulia Msambweni, zama zile redio moja ilipokuwa ya mtaa mzima, tulizoea kusikia kutoka ng'ambo ya mpaka, kabla ya taarifa ya habari ya Redio Tanzania Dar es Salaam, mshindo wa ngoma uliowanyamazisha wazee barazani; nami kwa miaka mingi nikidhani kuwa wapigaji ni kikosi kizima, hata nilipojuzwa kwamba ni mtu mmoja, Mzee Morris Nyunyusa, naye ni kipofu. Kila nikikumbuka, la ajabu kwangu si upofu wake, bali ni kuwa hapana hata mmoja wetu aliyewahi kuusikia upofu huo ndani ya ngoma zile.

Mwanariadha hana sitara hiyo ya redio. Yeye hukimbia mchana, mbele ya halaiki. Henry Wanyoike wa Kikuyu, aliyepoteza nuru ya macho mwaka 1995 kwa kiharusi, alikimbia mita 5,000 katika Paralimpiki za Sydney mwaka 2000 akiwa ameunganishwa kwa ugwe mfupi na mwongozaji wake, John Kibunja, ambaye malaria ilikuwa imemla nguvu. Na walipokaribia mwisho miguu ya Kibunja ikalegea, ndipo asiyeona alipoanza kumkokota anayeona, mpaka wakavuka mstari na dhahabu ikawa yao. Athens, mwaka 2004, alitwaa nyingine mbili. Kisha London, mwaka 2012, Samwel Mushai Kimani, akiongozwa na James Boit, akashinda mita 1,500 kwa muda uliovunja rekodi ya dunia.

Ugwe ule naustaajabia kuliko medali, kwa kuwa sharti lake ni la adabu kubwa: mwongozaji haruhusiwi kumvuta mwenzake, wala kumtangulia kwenye mstari.

Huku kwetu, watoto wasioona wana shule yao Likoni, lakini ugwe wenyewe, yaani mtu wa kukimbia naye kila alfajiri, ni adimu. Na mwenye kiti cha magurudumu, pale Diani, maji yakishatoka, huuona mchanga wa chini ulivyokazana kama sakafu, ilhali baina yake na huo upo mchanga mkavu, hatua chache tu kutoka kivuli cha mivinje, unaomeza magurudumu hadi katikati. Njia ya mbao ingetosha. Siku moja niliwaona vijana wa ngalawa wakimbeba kijana pamoja na kiti chake. Walipomtua penye unyevu akawaambia, "Niacheni hapa, ndugu zangu," akasukuma magurudumu kuelekea kusini, kwanza taratibu, kisha kwa kasi ambayo hakuna aliyeitazamia, nyuma yake zikibaki alama mbili sambamba.