Kipunguza Sauti cha Bunduki ya Upepo Hunyamazisha Nini?
Nakivale, penye wengi waliokimbia vita vya Kongo, Burundi na Somalia, mlio wa bunduki si jambo dogo. Hata Mbarara mjini tumeulizwa: je, kipunguza sauti chafaa?

Hutegemea bunduki. Ile ya hewa iliyoshindiliwa hupigia kelele mdomoni mwa mtutu. Hapo kifaa husaidia sana. Ile ya springi hugonga ndani, penye pistoni, na kifaa hakifiki huko. Tena risasi ikipita mwendo wa sauti, takriban mita 340 kwa sekunde, hupasua hewa kwa kishindo kisichozuilika.

Nguvu ya risasi haipungui. Aliye nyuma ya kichaka hukosa onyo tu. Kabla ya kununua, tunawaomba mfike kituoni muulizie kibali.