Maandishi ya 4WD Hayatoshi

Gari liko yadi, limepigwa polishi, na nyuma limeandikwa 4WD. Dalali anagonga boneti: "Hili halikwami, bosi." Mnunuzi ana safari moja kichwani: Dar es Salaam hadi Mombo kwa lami, apande Lushoto, kisha aendelee vijijini ambako udongo mwekundu ukinyeshewa huteleza kama sabuni. Jibu analolihitaji halimo katika maandishi yale. Limo chini ya sakafu, katikati ya gari, pale nguvu ya injini inapogawanywa kati ya mbele na nyuma.

Gari likikata kona, kila gurudumu lina njia yake. La nje huenda umbali mrefu kuliko la ndani, na ya mbele huenda mbali kuliko ya nyuma. Difu ndiyo inayoyaruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja kupishana mwendo. Suzuki Jimny ina difu mbili, ya mbele na ya nyuma, katikati hakuna. Ukiingiza 4WD, mbele na nyuma hufungwa pamoja. Kwenye matope hakuna neno, maana tairi huteleza kidogo na ile tofauti inaisha. Kwenye lami kavu tairi hazina pa kuteleza: usukani unakuwa mzito, gari linajikaza kwenye kona kana kwamba breki imeshika, na anayeumia ni shafti na gia. Ndiyo maana Jimny kwenye lami huvutwa na magurudumu ya nyuma peke yake.

Toyota RAV4 ya kwanza, ya mwaka 1994, ilipewa difu ya katikati, hivyo iliweza kuvuta kwa magurudumu manne hata kwenye lami, jambo la maana sana mvua inaponyesha. Lakini haina gia nzito, ile inayoandikwa 4L. Na RAV4 nyingine zilizokuja baadaye ni za magurudumu mawili tu, kwa hiyo jina lisikudanganye.

Gia nzito watu huisifia kwa kupanda. Mimi naithamini zaidi katika kuteremka. Katika Jimny hupunguza mwendo kwa takriban nusu na kuzidisha nguvu ya magurudumu takriban mara mbili. Kwenye mteremko wa udongo uliolowa, injini yenyewe hulizuia gari, nawe huna haja ya kukanyaga breki na kuyafunga magurudumu. Gurudumu lililofungwa halifuati usukani. Hapo gari huenda linakotaka.

Kwa nini basi wote tusinunue Jimny? Barabara kuu ndiyo inayokataa. Katika ile ya milango mitatu, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna mita 2.25 tu, kwa hiyo kila bonde unalihisi mgongoni. Ile ya soko la Japani ina injini ya sentimita za ujazo 658 na nguvu za farasi 64. Ukitoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa hadi 110, ukinzani wa hewa unakaribia kuwa mara mbili, na bodi lenyewe ni sanduku. Kulipita lori refu kwa gari hilo, likiwa na watu wanne na mizigo, kunataka subira. Bushi na beringi za mbele zikichoka, usukani hutetemeka vibaya mwendoni.

Kwa safari ile ya Mombo na Lushoto ningechagua Suzuki Escudo ya kizazi kilichoanza 2005: ina difu ya katikati, na nyingi zina kufuli ya difu hiyo pamoja na 4L. Hakikisha kwa macho kwenye swichi ya dashibodi. Jimny ningemwachia anayeishi mwisho wa barabara na anayeifikia lami mara chache.

Hata hivyo, Jimny nzima ni bora kuliko Escudo iliyooza. Kuoza huanzia huko magari haya yanakotoka: kaskazini mwa Japani, theluji ikianguka, barabara humwagiwa chumvi, nayo hula chesisi kimyakimya. Kwenye karatasi ya mnada wa Japani, herufi S katika mchoro wa gari ina maana ya kutu. Wenye yadi hupaka rangi nyeusi chini, ikafunika kila kitu. Nimewahi kulala chini ya gari la namna hiyo nikagonga chesisi kwa mpini wa bisibisi: mbele ililia kama chuma, nyuma ikatoa sauti nzito ya bati bovu, na gamba la rangi likaniangukia kifuani pamoja na kutu.

Soma pia ubavu wa tairi. Tarakimu 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi nne ziwe saizi moja na zimelika sawa, kwani katika gari linalovuta kwa magurudumu yote muda wote, tofauti ya kipenyo huilazimisha difu ya katikati kufanya kazi bila kupumzika.

Nenda na fundi wako, si fundi wa dalali. Beba tochi na nguo ya kulalia chini, na usitoe hata shilingi ya kishika uchumba kabla hujaiona chesisi kuanzia mwanzo hadi mwisho.