Mtoto na Vigawe: Kuimba Hesabu Si Kuijua

Mpita njia akikaribia shule ya msingi, mara nyingi husikia sauti za watoto wakiimba jedwali la kuzidisha: tisa mara moja, tisa, tisa mara mbili, kumi na nane. Ni sauti ya kupendeza, na mzazi aisikiaye huona kwamba kazi inaendelea vyema. Lakini mwulize mmoja wao, "Je, 54 ni kigawe cha 9?" Huenda akanyamaza, kisha akaanza kuimba upya toka mwanzo. Mtoto huyo ameupata wimbo. Hesabu hajaipata bado.

Hasara yake huonekana katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, pale robo na thuluthi zinapojumlishwa. Asiyejua vigawe hukwama hapo, na wengi waliokwama hapo huichukia hesabu maisha yao yote.

Kamba na Vigingi

Kigawe ni namba ipatikanayo kwa kuzidisha namba fulani kwa 1, 2, 3 na kuendelea. Mwalimu mwenye busara haanzi kwa kuandika maneno hayo ubaoni. Huwatoa watoto uwanjani, akawapa kamba na vigingi, akawaambia wapime shamba la kahawa.

Katika mashamba ya zamani ya kahawa nchini Kenya, kipimo kilichozoeleka kilikuwa futi 9 toka shina hata shina. Basi watoto huchoma kigingi mwanzoni mwa kamba, kisha kwenye futi 9, 18, 27, 36 na kuendelea. Hivyo ndivyo vigawe vya 9. Halafu kando ya mstari huo huweka ua, wenye nguzo kila futi 12: yaani 12, 24, 36. Mwalimu huuliza, "Nguzo ipi imekutana na shina?" Watoto huona kwa macho yao: kwenye futi 36, tena 72, tena 108. Hizo ni vigawe vya shirika vya 9 na 12. Nayo 36, iliyo ndogo kuliko zote, ndiyo kigawe kidogo cha shirika.

Kosa la Kujihadhari Nalo

Tuseme soko hufanywa kila baada ya siku 4, na ng'ombe hupelekwa joshoni kila baada ya siku 7. Ikiwa leo yote mawili yameangukia siku moja, yatakutana tena baada ya siku 28. Mtoto huona kwamba 4 mara 7 ni 28, akadhani kuzidisha tu kunatosha siku zote. Akipewa 9 na 12 atajibu 108, naye ameziruka 36 na 72.

Sababu ni hii: 9 ni 3 mara 3, na 12 ni 3 mara 4. Ile 3 imo katika zote mbili, wala haifai kuhesabiwa mara mbili. Lakini 4 na 7 hazigawanyiki pamoja kwa namba yoyote ila 1. Kwa hiyo mwalimu hana budi kutoa mifano ya namna zote mbili.

Faida yake ni dhahiri. Mwanafunzi akijumlisha 1/9 na 1/12 kwa kutumia 36, hupata 4/36 na 3/36, jumla 7/36, na kazi imekwisha. Akitumia 108 hupata 21/108, naye angali na kazi ya kuipunguza.

Majina mawili nayo huwachanganya watoto. Namba 36 ni kigawe cha 9, bali 9 ni kigawo cha 36. Vigawo vya 36 ni tisa tu: 1, 2, 3, 4, 6, 9, 12, 18 na 36. Vigawe vyake havina mwisho.

Kazi ya Mzazi

Mzazi asidhani kwamba kazi hii ni ya mwalimu peke yake. Siku ya kuchimba mashimo ya miche, na amwite mtoto ashike kamba, amwulize shimo la sita litakuwa futi ngapi toka la kwanza. Akijibu 45 badala ya 54, asimkaripie. Huenda ndiye aliyehesabu kwa macho, wala hakuimba.