Albamu Sokoni: Jinsi Usikilizaji Unavyogeuka Mapato Afrika Mashariki

Albamu ni mkusanyo wa nyimbo unaotolewa kwa pamoja chini ya jina moja, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa bidhaa kuu ya biashara ya muziki uliorekodiwa. Kibiashara ina sura mbili. Ya kwanza ni ya kifaa: santuri, kanda au CD inayolipiwa mara moja dukani, mnunuzi aisikilize kutwa kucha au aisahau kabatini. Ya pili ni ya usikilizaji: nyimbo zinachezwa kwenye simu, msikilizaji hamiliki chochote, na malipo yanahesabiwa kila wimbo unapochezwa. Afrika Mashariki imehama kutoka sura ya kwanza kwenda ya pili, na uhamaji huo umebadilisha anayebeba hasara, anayetangaza kazi na sababu ya msanii kutoa albamu nzima badala ya wimbo mmoja.

Enzi ya santuri

Biashara hii ilianza na santuri za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo kila upande ulibeba takriban dakika tatu. Mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad wa Zanzibar alisafiri hadi Bombay kurekodiwa na kampuni ya Gramophone, iliyouza santuri zake kwa nembo ya HMV. Mafanikio yake yaliwaonyesha wafanyabiashara kwamba Kiswahili kina soko katika pwani na bara. Santuri ndefu ya mizunguko 33 na theluthi moja, iliyoingizwa sokoni na Columbia ya Marekani mwaka 1948, ndiyo iliyowezesha nyimbo nane au kumi kukaa kwenye bidhaa moja.

Katika miaka ya 1960 na 1970 Nairobi ilikuwa kitovu cha biashara hiyo. Ilikuwa na studio, matawi ya kampuni za kimataifa, mitambo ya kuzalisha santuri na maduka ya River Road. Hata hivyo, wanunuzi wengi walimudu tu santuri ndogo yenye wimbo mmoja kila upande, kwa hiyo albamu mara nyingi ilikuwa mkusanyo wa nyimbo zilizokwisha kupendwa. Mfano ni mfululizo wa Ukumbusho wa Mbaraka Mwinshehe, mwanamuziki wa Morogoro aliyefariki mwaka 1979: ulikusanya pamoja nyimbo zilizokuwa zimetapakaa katika santuri ndogo.

Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi zake zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, lakini kanda hizo zilikuwa kwa ajili ya kurushwa hewani, si kuuzwa madukani. Bendi iliyotaka santuri ilitegemea Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka ukafungwa, njia hiyo ikawa ngumu, na hadi leo nyimbo nyingi za miaka hiyo zinapatikana tu katika maktaba ya redio ya taifa.

Kanda na wasambazaji

Kanda ya kaseti ilibadilisha hesabu kwa sababu haikuhitaji kiwanda kikubwa. Mashine chache za kunakili zilitosha kuanzisha biashara, na redio ya kaseti iliingia hata kwenye nyumba zisizo na umeme. Kuanzia miaka ya 1980 muziki wa dansi, taarabu na injili uliuzwa kwa kanda, na redio binafsi zilipofunguliwa Tanzania katika miaka ya 1990, bongo fleva ikapata soko kupitia njia hiyohiyo. Albamu kama Machozi Jasho na Damu ya Professor Jay, iliyotoka mwaka 2001, ilienea kwa kanda.

Mwenye nguvu katika mfumo huo alikuwa msambazaji. Msanii alilipia studio, au alidhaminiwa, kisha alipeleka rekodi ya masta kwa wasambazaji wa Kariakoo, Dar es Salaam. Malipo yalikuwa ya mkupuo au kiasi kidogo kwa kila nakala. Msambazaji alichapisha kava, akanakili kanda na kuzipeleka mikoani kwa mabasi. Yeye ndiye aliyebeba hasara kama kazi haikuuzika, na yeye peke yake ndiye aliyejua kwa hakika ni nakala ngapi zilizotoka. Malalamiko mengi ya wasanii wa kipindi hicho yanatokana na pengo hilo la hesabu.

Uharamia ulikuwa tatizo la pili. Kanda ilinakiliwa kwa urahisi, na CD kwa urahisi zaidi: kompyuta moja ilichoma nyimbo za albamu kumi katika diski moja na kuiuza kwa bei ya chini ya kanda halisi. Tanzania ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999 na kuunda taasisi ya hakimiliki, COSOTA, na mwaka 2013 stempu za kodi zilianza kubandikwa kwenye bidhaa za muziki na filamu. Lakini wakati stempu zinafika, wateja walikuwa wameanza kuhamia kwenye flashi na simu. Vibanda vya kuweka nyimbo vilijaza kadi ya simu kwa mamia ya nyimbo, na hakuna hata shilingi moja iliyomfikia msanii.

Simu yaleta pesa tena

Mapato ya kwanza ya kidijitali ya kueleweka hayakutoka kwenye albamu bali kwenye miito ya simu. Huduma ya Skiza ya Safaricom nchini Kenya ilimfanya mteja alipie kipande cha wimbo kinachosikika kwa anayempigia. Mgawanyo wa fedha hizo ulizua mvutano wa muda mrefu, hadi marekebisho ya sheria ya hakimiliki ya mwaka 2022 yalipoweka viwango: msanii asilimia 52 kwa uchache, kampuni ya simu asilimia 39.5 na mtoa huduma wa kati asilimia 8.5.

Yakafuata majukwaa ya kusikiliza na kupakua. Mdundo, iliyoanzia Kenya, ililenga watu wenye simu za bei nafuu wanaopakua wimbo bure huku gharama zikilipwa na matangazo. Mwaka 2020 hisa zake ziliorodheshwa katika soko la Nasdaq First North nchini Denmark. Boomplay iliyoanzia Nigeria ilienea kwa sababu programu yake iliwekwa tangu kiwandani kwenye simu za TECNO. Mwaka 2017 lebo ya Wasafi ya mwanamuziki Diamond Platnumz ilianzisha tovuti yake ya kuuza nyimbo. Apple Music iliingia Tanzania mwaka 2020, na Februari 2021 Spotify ilitangaza kufungua huduma katika masoko zaidi ya 80, yakiwemo Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi.

Wiki inavyohesabiwa

Kitengo cha muda katika biashara hii ni wiki. Tangu Julai 2015 kampuni za muziki duniani zimekubaliana kutoa kazi mpya siku ya Ijumaa, na wiki ya hesabu ya chati kubwa inaanza siku hiyo na kumalizika Alhamisi. Kwenye Spotify na majukwaa mengi mengine, wimbo unahesabiwa kuwa umesikilizwa ukipita sekunde 30.

Kugeuza usikilizaji kuwa mauzo ya albamu kunahitaji kanuni. Jarida la Billboard la Marekani lilianza kuchanganya vitu hivyo viwili katika chati yake ya albamu mwishoni mwa 2014, na mwaka 2018 likatenga aina mbili za wasikilizaji: nyimbo 1,250 zilizochezwa na wanaolipia zilihesabiwa sawa na albamu moja iliyouzwa, wakati kwa wanaosikiliza bure zilihitajika 3,750. Kwa kanuni hiyo ya 2018, watu 125 wanaolipia walipaswa kuisikiliza albamu ya nyimbo kumi mwanzo hadi mwisho ili ihesabike nakala moja. Kwa wasiolipia walihitajika watu 375. Ndiyo maana wasanii wengi wanaongeza idadi ya nyimbo na kuzifupisha: wimbo wa dakika mbili na wa dakika saba hulipwa sawa.

Afrika Mashariki kila jukwaa na kila kituo cha redio kina chati yake, na kila moja hupima umati tofauti. Lebo ikitangaza kwamba albamu inaongoza, jambo la kwanza la kuulizwa ni inaongoza wapi, na kwa kipimo gani.

Pesa inavyogawanywa

Jukwaa hukusanya ada za wanachama na mapato ya matangazo katika mfuko mmoja, hubakiza takriban theluthi moja na kulipa iliyobaki kwa wenye haki. Sehemu ya kila wimbo hutegemea uwiano wa mara ulizochezwa. Wimbo uliochezwa mara elfu moja katika nchi ambako nyimbo zote zilichezwa mara milioni moja hupata asilimia 0.1 ya mfuko wa nchi hiyo. Msikilizaji anayecheza albamu moja ya taarabu mwezi mzima hamlipi mwimbaji wake ada yote. Sehemu kubwa ya ada hiyo inakwenda kwa wale wanaochezwa na umati. SoundCloud ilianza mwaka 2021 kutumia mfumo mwingine ambao ada ya kila mtu hugawiwa wasanii aliowasikiliza yeye, lakini majukwaa makubwa bado yanafuata mfuko wa pamoja.

Mfuko huo hutofautiana kwa nchi. Ada ya mwezi Kenya, ambayo Spotify iliianzisha kwa shilingi 299, ni ndogo mara kadhaa kuliko ya Uingereza, na wasikilizaji wengi wa kanda hii hutumia huduma ya bure. Kwa hiyo wimbo uliochezwa London una thamani kubwa kuliko uliochezwa Mwanza, na Waswahili wa Ulaya, Ghuba na Marekani Kaskazini wana uzito katika mapato usiolingana na idadi yao. Kabla ya fedha kumfikia msanii hupita kwa lebo, msambazaji wa kidijitali na meneja, kila mmoja na asilimia yake. Aidha, tangu 2024 Spotify hailipi wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 katika miezi 12, kanuni inayowagusa zaidi chipukizi.

Kwa nini albamu bado inatoka

Kwa hesabu hizo, wimbo mmoja mkali unaweza kuingiza zaidi ya albamu ya nyimbo 15. Lakini albamu zimerudi kwa wingi tangu majukwaa yaenee. A Boy from Tandale ya Diamond Platnumz mwaka 2018 na Midnight Train ya Sauti Sol mwaka 2020 zilitoka kwa ushirikiano na kampuni ya Universal. Harmonize alizindua Afro East mwaka 2020 katika ukumbi wa Mlimani City, na mwaka uliofuata Alikiba akatoa Only One King.

Sababu ya kwanza ni mkataba: kampuni hutanguliza fedha dhidi ya kazi yenye ukubwa fulani. Ya pili ni maonyesho, kwani mapato makubwa ya msanii wa kanda hii hutoka huko na kwenye udhamini, na uzinduzi wa albamu humpa mwandaaji na mdhamini jambo la kutangaza. Ya tatu ni kolabo: kila mgeni kutoka Nigeria, Afrika Kusini au Kongo huja na wasikilizaji wake. Albamu imekuwa gharama ya kutafuta umakini, na faida yake huvunwa kwingine.

Wasikilizaji kama watangazaji

Kazi iliyokuwa ya mwenye duka na mtangazaji wa redio sasa inafanywa kwa sehemu kubwa na mashabiki. Wanapeana orodha za albamu walizosikiliza wiki nzima, wanabandika picha za kava kwenye hadhi za WhatsApp na kubishana ni wimbo upi uliostahili kuachwa. Huduma ya Last.fm, iliyokua kutokana na mradi wa Uingereza ulioanza mwaka 2002, ilitangulia kurekodi kila wimbo anaocheza mtumiaji na kumwonyesha muhtasari. Mwaka 2007 CBS iliinunua kwa dola milioni 280. Spotify iligeuza wazo hilo kuwa kampeni ya mwisho wa mwaka, Wrapped, ambayo watumiaji huisambaza wenyewe bila kulipwa.

Thamani ya kazi hiyo ya mashabiki kwa lebo ni ya aina mbili. Pendekezo la rafiki hufikisha albamu kwa msikilizaji mpya bila gharama ya tangazo. Pia orodha za wiki huonyesha tofauti ambayo jumla ya mara za kuchezwa haionyeshi: wimbo unaosikika kila baa lakini albamu yake haimo kwenye orodha ya mtu yeyote, na albamu isiyo na wimbo maarufu inayorudi wiki baada ya wiki. Ya pili ndiyo huuza tiketi za onyesho, kwa sababu wanaoijua wanaijua yote.

Kazi za zamani

Orodha za wiki za mashabiki hazijali tarehe ya albamu kutoka. Marekani, nyimbo zilizozidi miezi 18 tangu zitoke ni zaidi ya asilimia 70 ya usikilizaji. Afrika Mashariki ina hazina ya dansi, benga na taarabu, lakini kipingamizi ni hati: mikataba imepotea, wanabendi wamefariki, na nyimbo nyingi zimepandishwa mtandaoni na watu wasio na haki nazo. Kampuni za Ulaya zimechapisha upya sehemu ndogo, mfano mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique ya Ufaransa. Santuri kuukuu zenyewe zina soko lake dogo, kama vibanda vya Kenyatta Market jijini Nairobi.

Ukubwa wa soko

Kwa takwimu za IFPI, shirikisho la kimataifa la kampuni za muziki, muziki uliorekodiwa duniani uliingiza dola bilioni 29.6 mwaka 2024. Afrika Kusini mwa Sahara ilikua kwa asilimia 22.6 na kuvuka dola milioni 100 kwa mara ya kwanza, lakini karibu robo tatu ya fedha hizo ni za Afrika Kusini pekee. Nchi nyingine zote, zikiwemo za Afrika Mashariki, zinagawana robo iliyobaki.

Mambo matatu yataamua kama sehemu hiyo itaongezeka. La kwanza ni bei ya bando, kwa kuwa anayehofia kumaliza data hupakua mara moja au huchukua nyimbo kwa flashi. La pili ni malipo kwa simu: ada inayokatwa kwa siku au wiki kupitia M-Pesa na huduma nyinginezo inaendana na kipato cha watu wengi kuliko ada ya mwezi kwa kadi ya benki. La tatu ni usajili sahihi wa waandishi, watunzi na wapigaji wa kila wimbo, kwa sababu vyama vya mirabaha haviwezi kumlipa mtu ambaye jina lake halimo kwenye kumbukumbu.