Macho ya Wazee Wetu

Katika vijiji vingi twamwona mzee ameketi barazani tangu asubuhi hata jioni, na mjukuu wake yu karibu naye ili amshikie ncha ya fimbo kila atakapo kwenda. Jirani husema, "Ni uzee huo, hauna dawa." Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu ya kuwa neno hilo si kweli yote. Uzee kweli hauna dawa, lakini upofu wa uzeeni mara nyingi unayo.

Ugonjwa upofushao watu wengi kuliko yote duniani ni mtoto wa jicho. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, mna kitu mfano wa kioo kidogo, nacho hupitisha nuru. Mtu akiwa kijana kioo hicho ni safi kama maji ya chemchemi. Miaka ikizidi huingia ukungu, hata mboni ikaonekana nyeupe. Haumi wala haumwashi, kwa hiyo mzee hukaa kimya, naye haoni vema. Ugonjwa wa kisukari, uvutaji wa tumbako, jua kali na pigo la jicho huuharakisha.

Hakuna dawa ya kunywa wala ya kutia machoni iwezayo kuuondoa ukungu huo. Dawa yake ni kupasuliwa tu. Mganga hutia dawa ya ganzi, hukitoa kioo kilichochafuka, na mahali pake hutia kingine kilichofanywa na watu. Kazi hiyo iliendelea sana tangu mwaka 1949, Bwana Harold Ridley wa London alipomtia mgonjwa kioo cha namna hiyo kwa mara ya kwanza. Siku hizi kwa kawaida haizidi saa moja, na wengi hurudi kwao siku ile ile au ya pili yake. Katika Tanganyika ya zamani, yaani Tanzania Bara ya leo, kazi hiyo hufanywa katika hospitali kubwa kama KCMC ya Moshi na Muhimbili ya Dar es Salaam, na penginepo pia.

Lakini si kila upofu ni wa mtoto wa jicho. Iko presha ya macho, ambayo huuharibu mshipa wa kuonea polepole, na nuru iliyokwisha kupotea hairudi tena. Hapo ndipo lile neno, "Usipoziba ufa utajenga ukuta," linapofaa. Uko na ugonjwa wa vikope, ambao kope huingia ndani zikalikwaruza jicho. Tena wako wazee ambao hawana haja ya kitu ila miwani ya kusomea.

Basi mtoto afanyeje kwa mzazi wake? Kwanza ampime nyumbani. Amzibe jicho moja, asimame mbali naye mita 3 mahali penye mwanga, amwonyeshe vidole, amwulize ni vingapi. Kisha jicho la pili. Akishindwa, apelekwe zahanati bila kukawia, naye atapewa barua ya kwenda hospitali. Wazee wasiojiweza waulizie msamaha wa malipo.

Pili, asitiwe machoni maji ya majani, wala maziwa ya mama, wala mkojo. Vitu hivyo huleta vidonda katika jicho, na jicho lenye kovu ni shida kuponywa.

Tatu, akisha kupasuliwa, nyumba nzima imsaidie. Atiwe dawa aliyopewa kwa saa zake na mtu aliyenawa mikono kwa sabuni. Asilisugue jicho, asichukue mtungi wala mzigo wa kuni, na maji yasiingie jichoni mpaka mganga atoe ruhusa. Jicho likiuma, likiwa jekundu au likififia, arudishwe hospitali siku ile ile.

Twawageukia sasa wakubwa wa vijiji. Moshi wa jikoni wa miaka mingi hufanya macho ya mama zetu kuwa mekundu. Katika Usukuma wako vikongwe waliouawa, wakidhaniwa kuwa ni wachawi kwa sababu ya wekundu huo tu. Tangazeni barazani ya kuwa jicho jekundu ni jicho gonjwa, na mahali pake ni hospitali.

Nanyi waalimu, mkiona mtoto hafiki darasani, ulizeni kwao. Huenda ndiye fimbo ya babu yake. Mzee akitibiwa, watu wawili hufunguliwa: babu aenda shambani mwenyewe, na mjukuu arudi shule.

Wazazi wetu walituongoza mkono tulipokuwa hatujui njia. Na tuwaongoze sasa, lakini tuwaongoze kwa mganga, wala si barazani tu.