Programu za Mtandao Unaokatika

Takwimu za mawasiliano zinapotoka, vichwa vya habari hutaja idadi ya laini zinazotumia intaneti, na wasomaji huzihesabu laini hizo kuwa ni watu. Sisi tunaoandika programu tunalazimika kutazama kwa karibu zaidi. Mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo anaweza kuwa na laini tatu: moja ya kupokelea fedha kwa kuwa wateja wameizoea, ya pili kwa sababu bando lake ni nafuu, na ya tatu kwa kuwa kijijini kwao mnara unaoshika ni wa kampuni hiyo. Tena hata huyo mwenye laini tatu, sehemu kubwa ya siku hayuko hewani. Data imezimwa. Ataiwasha asubuhi, jumbe za WhatsApp ziingie kwa mkupuo, azisome, ajibu zinazohitaji jibu, kisha aizime ili bando lisiliwe na programu zinazojipakua zenyewe bila kumuuliza mwenye simu.

Kuwasha na kuzima huku ndiko ninakokuona kukipuuzwa kuliko jambo lolote jingine katika programu zinazouzwa kwetu. Vitabu tulivyosomea na zana tunazofanyia kazi vimetungwa na watu wanaochukulia kwamba mtandao upo muda wote, na ukikatika ni hitilafu ya kutolea taarifa. Hapa kukatika ni sehemu ya siku ya kazi. Bando limeisha, umeme umekata na mnara umebaki kwenye betri, basi limeingia bondeni baada ya Mikumi, au mtu kaamua tu kuzima data. Programu isiyoandikwa kwa hali hiyo tangu mwanzo itamuumiza mtumiaji, na mara nyingi itamuumiza mfukoni.

Intaneti kwetu hununuliwa kwa vipande: bando la siku, la wiki, la usiku, la chuo. Anayenunua kwa vipande hujua bei ya kila anachobofya. Ukimwambia apakue aplikesheni ya MB 80 ili alipe ada ya mtoto, umempa gharama ya pili kabla hajalipa ya kwanza. Ndiyo maana aplikesheni nyingi huhama kutoka simu hadi simu kwa Xender, programu ya kurushiana mafaili, watu wawili wakiwa wamekaa kwenye benchi moja, bila hata MB moja kutumika. Kwa mwandishi wa programu jambo hili lina matokeo yasiyoonekana ofisini: toleo la zamani haliondoki mtaani. Ulilirekebisha mwaka jana, lakini bado linazunguka Tandahimba na Kasulu, na seva yako lazima iendelee kulielewa. Ukiizima njia ya zamani kwa haraka, unawafungia mlango watu ambao hawakukosea lolote.

Kwa sababu hizo hizo menyu za nyota na reli hazijafa, wala sioni dalili ya kufa kwake karibuni. Ukibonyeza *150*00# kuingia M-Pesa ya Tanzania, ombi lako halipiti kwenye intaneti hata kidogo. Linapita kwenye njia ya ishara, ile ile ambayo simu huitumia kuujulisha mnara ilipo na kuanzisha mazungumzo. Haihitaji bando wala simu janja. Kitochi cha bei ya chini kinatosha. Wanaoiita teknolojia hii ya kizamani hawajawahi kuona foleni ya kijiji kizima kwa wakala siku ya malipo ya korosho.

Lakini njia hiyo ni nyembamba. Ukurasa mmoja wa menyu unabeba herufi 182 tu, nafasi na namba za machaguo zikihesabiwa. Sentensi ya kawaida kama "Ingiza namba ya kumbukumbu ya malipo" inakula 36, karibu sehemu moja ya tano ya ukurasa. Tena simu yenyewe haitunzi chochote. Mazungumzo yote yako upande wa kampuni, na yana muda wake. Mtu akienda chumbani kutafuta karatasi yenye namba ya kulipia, akirudi atakuta yameshafungwa na ataanza upya. Kwa hiyo kazi ya kupanga maswali ni nzito kuliko inavyoonekana. Kinachohitaji mtu akatafute karatasi kitangulie. Jina la anayelipwa lionekane kabla ya namba ya siri, kamwe lisije baada yake. Na machaguo yanayotumiwa na wengi yakae juu, hata kama idara nyingine itanung'unika kwamba huduma yake imesukumwa chini.

Kwenye SMS kuna mtego mdogo unaogharimu taasisi fedha kila mwezi. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160 iwapo herufi zote zimo katika orodha fupi ya msingi iliyowekwa kwa simu za GSM. Kiswahili kina bahati hapa, kwa sababu hatuna herufi zenye vitone wala mikia, na maneno yetu yote yanaingia kwenye orodha hiyo. Tatizo huanzia kwenye alama ile ya ng'ombe na ng'ambo. Karani akiandika ujumbe kwenye kompyuta, programu ya kuandikia hubadili alama iliyonyooka kuwa iliyopinda, naye haoni tofauti. Alama iliyopinda haimo kwenye orodha. Alama hiyo moja hulazimisha ujumbe wote uandikwe kwa mfumo mwingine, na nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70, au 67 kwa kila kipande ujumbe ukigawanywa. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa mmoja unakuwa vipande vitatu. Shule yenye wazazi 600 inalipia jumbe 1,800. Dawa yake ni mstari mmoja wa programu unaoinyoosha alama kabla ya kutuma, na kila mfumo wa kutuma jumbe kwa Kiswahili unapaswa kuwa nao.

Sasa nije kwenye fedha, ambako kukatika kwa mtandao kunawaumiza watu zaidi. Umelipa kwa simu dukani. Kiduara kinazunguka, kinazunguka, halafu maandishi mekundu: malipo yameshindikana. Unalipa tena. Baada ya muda zinaingia jumbe mbili za uthibitisho, na fedha imetoka mara mbili.

Fikiria umempa kondakta mzigo aupeleke kwa ndugu yako Songea, ukamwomba ndugu akupigie akiupokea. Simu haikupigwa. Huenda mzigo ulipotea njiani. Huenda ulifika salama ila ndugu hakuwa na salio. Huenda basi bado liko Makambako. Ukiwa umesimama Dar es Salaam, hali zote tatu zinafanana. Ombi la malipo liko vivyo hivyo: ama halikufika, ama limefika na fedha imehama lakini jibu limepotea njiani, ama liko kwenye foleni. Wataalamu wa kompyuta walishathibitisha kihisabati, tangu miaka ya 1970, kwamba penye njia inayoweza kupoteza ujumbe hakuna namna ya pande mbili kuondoa shaka hii kabisa kwa kutumiana jumbe zaidi. Hata uthibitisho wa uthibitisho unaweza kupotea.

Tunachoweza ni kuifanya shaka isidhuru. Kabla simu haijatuma ombi la kwanza, itengeneze namba ya kipekee kwa ajili ya malipo hayo na kuiandika kwenye kumbukumbu yake. Ombi likirudiwa, liende na namba ile ile. Seva ikipokea ombi hutazama daftari lake: namba hii nimeshaishughulikia? Kama ndiyo, inarudisha jibu lile la awali bila kugusa salio tena. Mtumiaji anaweza kubonyeza mara kumi, fedha itatoka mara moja.

Kanuni ni fupi, lakini nimekagua mifumo mingi ambayo wenyewe walidhani wanaifuata. Kasoro ya kawaida ni kuiachia seva itengeneze namba, jambo linaloondoa maana yote, maana ombi lililorudiwa hupewa namba mpya. Nyingine ni namba kuzaliwa kila kitufe kinapobonyezwa, badala ya kuzaliwa mara moja na ununuzi wenyewe. Nyingine tena ni kuiweka namba mahali panapofutika aplikesheni ikifungwa, wakati simu zenye kumbukumbu ndogo hufunga aplikesheni zenyewe mara tu mtu anapotoka kwenda kusoma ujumbe. Wapo pia wanaokataa malipo ya kiasi kile kile kwenda kwa mtu yule yule ndani ya dakika chache, wakidhani wametibu. Hao wanamzuia baba anayewalipia nauli watoto wawili, mmoja baada ya mwingine, kwa konda mmoja.

Kisha kuna maneno yenyewe. "Malipo yameshindikana" ni kauli ya mtu mwenye uhakika, na simu isiyopata jibu haina uhakika wowote. Inapaswa kusema ukweli: hatujapata jibu, usilipe tena, tunafuatilia. Nimeona mabishano kati ya muuzaji na mnunuzi yakipoa kwa kubadilisha sentensi hiyo moja tu.

Uzito umeongezeka tangu fedha ianze kuvuka mitandao. Kuanzia 2014 kampuni za simu za Tanzania zilikubaliana kuruhusu mteja wa mtandao mmoja kumtumia wa mtandao mwingine moja kwa moja, zikiwa miongoni mwa za kwanza Afrika kufanya hivyo, na sasa Benki Kuu ina mfumo wake wa malipo ya papo kwa papo, TIPS, unaounganisha benki na kampuni za simu. Ni mafanikio makubwa ambayo hatuyasifu vya kutosha. Ila muamala mmoja sasa unapita mikono mitatu au minne, na kila mkono unaweza kunyamaza kwa wakati wake. Muamala "uliokwama" kwa kawaida haujapotea. Mkono mmoja unasubiri mwingine.

Mtandao huo unaokatika, kwa sehemu, tunauchagua wenyewe kwa mahali tunapoweka seva. Kabla ya 2009 pwani yetu ilitegemea setilaiti zilizo kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta. Swali likipanda na kushuka, jibu nalo likipanda na kushuka, karibu nusu sekunde imeshapita. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipotia nanga 2009, na EASSy mwaka uliofuata, ucheleweshaji huo ulipungua na bei ikaanza kushuka. Hata hivyo mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, na hauwezi kuharakishwa. Mtu wa Mbeya akifungua ukurasa wa halmashauri yake, na ukurasa huo umehifadhiwa Ulaya, kila swali na jibu vinavuka bahari kwenda na kurudi, na ukurasa wenye usalama unahitaji safari kadhaa za namna hiyo kabla herufi ya kwanza haijaonekana.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kwa wakati mmoja, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Siku hiyo ilionyesha waziwazi nani anategemea bahari kwa jambo ambalo halihitaji bahari. Mfumo wa mahudhurio ya wafanyakazi walio Ilala, unaosomwa na meneja aliye Ilala, hauna sababu ya kupitia Frankfurt. M-Pesa ya Kenya ilihamisha seva zake kutoka Ujerumani kwenda Kenya mwaka 2015, ikiwa tayari ni uti wa mgongo wa biashara ya nchi ile. Dar es Salaam tuna kituo cha kubadilishana data, TIX, ambako watoa huduma hukutana ili data ya ndani ibaki ndani. Lakini kituo hicho hakimsaidii mtu ambaye kitu anachokitafuta kimewekwa ng'ambo. Najua kwa nini wengi hukodi seva za nje: ni rahisi kuzipata, zinalipiwa kwa kadi, na umeme wake haukatiki. Kwa tovuti ya utalii inayolenga wageni sina ubishi. Kwa hospitali ya mkoa, nina ubishi mkubwa.

Wanaonunua mifumo, iwe SACCOS, shule, zahanati au halmashauri, huletewa maonyesho kwenye chumba chenye Wi-Fi nzuri, kompyuta mpya na projekta. Kila kitu huenda vizuri. Mimi ningeomba maonyesho hayo yafanyikie uani, kwa simu ya bei ya chini yenye bando la siku. Anza malipo, zima data katikati, hesabu hadi thelathini, kisha iwashe. Bonyeza kitufe cha kulipa mara tatu mfululizo. Funga aplikesheni kabla jibu halijaja, uifungue tena. Halafu fungua daftari la seva na uangalie fedha imetoka mara ngapi, na simu ilimwambia mtumiaji nini wakati ule ambao hakuna aliyejua. Malipo ya mwisho kwa mkandarasi yasubiri hadi zoezi hilo lipite.