Pampu Iliyonyamaza Njia ya Kitui

Motokaa ya spoti ya Kiingereza iitwayo MGB ina sauti mbili. Ya injini husikiwa na mtaa mzima. Ya pampu ya petroli husikiwa na mwenyewe tu, pale anapozungusha ufunguo: ta-ta-ta-ta, kisha ta... ta..., kisha kimya. Mimi mtu wa mizani na vina niliipenda hiyo ya pili. Ikienda mbio, kabureta zinajazwa, ikinyamaza, zimejaa. Ikigonga mfululizo bila kukoma, ama tangi tupu, ama inavuta hewa penye mpira uliolegea. Isipogonga kabisa, hapo pana msiba.

Msiba huo ulitukuta tulipokwisha kuvuka mto Athi, tukitoka Kibwezi, upande wa Makueni, kwenda Kitui kwa njia ya Ikutha na Mutomo. Gari ni la mwalimu mstaafu, Mkamba aliyezeekea Mombasa. La mwaka 1965, wakati MGB zilitengenezwa Abingdon, Uingereza, tangu 1962 hadi 1980. Alikwisha kupata mnunuzi wa Nairobi aliyekusudia kung'oa injini na kutia ya Kijapani. Bintiye aliyeko Kitui akamsihi asiuze. Wakaahidiana: likifika kwa magurudumu yake, ni la binti; likifika juu ya lori, mnunuzi alichukue.

Tangu Mtito Andei lilikuwa likizimika, naye akishuka kuigonga pampu kwa spana, likiwaka tena. Si uchawi. Ndani mna sumaku ya umeme ivutayo kiwambo, mfano wa kile cha ngoma, na ncha mbili ndogo zinazokata umeme na kuurudisha. Ncha zikiungua hazigusani sawasawa, kishindo huzishtua. Lakini kugonga ni kukopa, na pale chini ya mbuyu deni likadaiwa.

Bodaboda alituletea fundi kutoka Ikutha, mzee wa makamo yangu, na kijana wake. Alifungua mpira kwenye kabureta: hata tone. Akagusisha taa ndogo kwenye waya wa pampu: ikawaka. Umeme wafika, kazi haifanyiki.

"Mwalimu, huyu amekufa. Tusimpige tena."

Kijana akaenda Kibwezi, akarudi na pampu ya gari la kisasa, inang'ara kama fedha. Mwalimu alikwisha kutoa pochi. Fundi akamzuia mkono.

"Hii ni ya injeksheni, mzee. Itakuchomea gari."

Kabureta hizi zataka msukumo wa paundi 3 hivi kwa inchi mraba. Pampu ile hutoa 40 na zaidi. Kilango cha kabureta hakiwezi kuuzuia, na petroli ingefurika juu ya injini yenye moto. Katika nyasi kavu zile!

Alasiri ikaja ya pili, ndogo, ya kabureta, yenye waya mbili. Kabla ya kulala chini fundi alitazama betri. Chanya ilifungwa kwenye bodi, kama MGB zote za kabla ya 1967. Pampu ya zamani hailijali hilo, mpya hujali. Akageuza waya. Akafungua betri, akamfukuza mtazamaji mwenye sigara, akaziba mpira wa tangi kwa kijiti, akaingia juu ya gunia karibu na gurudumu la nyuma la kulia. Kazi yenyewe haikuzidi nusu saa.

Ufunguo ulipozungushwa pampu ililia kama nyuki ndani ya kopo. Mwalimu alikunja uso, lakini injini ikawaka.

Fundi alifunua ile ya zamani, akatuonyesha ncha zilizoungua nyeusi. Alisema zaweza kuagizwa nyingine, pamoja na kiwambo, nayo itasema tena. Mwalimu akaifunga kwa gazeti.

Tulifika Kitui usiku, kwa magurudumu yetu. Binti alitoka na tochi, akazungusha ufunguo, akasikiliza.

"Baba, mbona haligongi?"

Mwalimu akampa furushi.